Chupa Yenye Mabawa na Pampu ya Mume Wetu

Kijijini, Chemba
19 Januari 2025

Kwako mjukuu wangu Penina,

Nakusalimu mimi kwanza, maana nikikusubiri wewe nitasalimiwa Krismasi. Mimi mzima. Magoti ndiyo yale yale, la kulia linataka nikae na la kushoto linataka nilale. Jogoo hajambo, anawika mchana kutwa kama mwehu. Mama yako na mdogo wako huko Zuzu hawajambo. Mvua imenyesha mara tatu na uwele umeota ekari zote mbili. Huo ndio ugali wetu wa mwaka mzima, kwa hiyo ukisali huko shuleni usiombee mitihani tu.

Barua hii nimeandika kwa mkono wangu. Wanasema Emilia aliishia darasa la nne. Ni kweli, lakini la nne la zamani, tulichapwa mpaka herufi zikakaa. Nimempa Evarista, anakuja kuuza kuku hapo Nzuguni. Ningepiga simu, lakini matroni wenu aliniambia simu ya shule ni ya msiba tu. Nilitaka kusema upo msiba, nikaona ataniuliza aliyekufa ni nani.

Sasa niseme. Pampu ya baiskeli ya marehemu babu yako haionekani. Ilikuwa nyuma ya mlango, chini ya kofia yake, miaka kumi na mmoja tangu tumzike. Kofia ipo. Pampu haipo tangu siku uliyorudi shule. Mke mwenzangu, unamjua mume wetu, hakupenda pampu yake iguswe hata na mchungaji. Sikushutumu. Nakuuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mwizi.

Usiniambie nikaazime ya Elisha. Ni fundi baiskeli na ni jirani, lakini unajua hatuongei tangu sherehe ya kipaimara chako, alipoletewa mlenda wangu akaomba chumvi. Mbele ya katekista. Huu mwaka wa tatu na lile neno bado nalisikia sikioni.

Jingine. Chini ya godoro lako nimekuta karatasi yenye picha ya chupa yenye mabawa. Hiyo ni nini? Kama ni mambo ya kishetani nitaichoma.

Ni mimi bibi yako nisiye na pampu,
Emilia


Shuleni, Nzuguni
9 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana Evarista alikaa na barua yako wiki mbili. Anasema kuku waliikalia. Mimi sijambo, nasoma kwa bidii, chakula ni maharage. Pole na magoti.

Bibi, usiichome ile karatasi. Siyo ushetani, ni ramani ya roketi ya maji. Mwalimu Anyitike wa fizikia aliipata bure kwenye mtandao akatuchapishia, na mwezi wa tano tutashindana. Unachukua chupa kubwa ya maji ya dukani, unaitia maji theluthi, unaibana kwa kizibo cha soli ya ndala kilichotobolewa na kuwekwa vali ya baiskeli, kisha unaigeuza mdomo chini. Unajaza upepo mpaka kizibo kinashindwa. Maji yanatoka chini kwa nguvu na chupa inaruka juu. Mabawa ni ya kadibodi, kazi yake ni kuinyoosha. Ni salama kama watu wanasimama hatua kumi.

Upepo unaingizwa kwa kifaa fulani.

Nimefurahi kusikia uwele umeota. Msalimie jogoo.

Mjukuu wako,
Penina


Kijijini
2 Machi 2025

Penina,

Salamu zako nimezipokea, za jogoo nimemfikishia, hakujibu. Ameanza na yeye adabu za shuleni.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, kwa hasira. Yaani serikali imejenga shule, wazazi wamepeleka watoto, mwalimu amesoma mpaka nywele zimekatika, halafu mnachukua maji mnayatupa juu? Hapa tunamngoja punda wa maji siku mbili, akija kavuja nusu njiani. Juzi nimeoga kwa kikombe. Kikombe, Penina. Na wewe unarusha theluthi. Sijui theluthi ni ngapi, ila kwa jinsi ulivyoitaja ni nyingi.

Na karatasi nimeitazama vizuri. Nani amewahi kuona bawa la kadibodi? Aliyechora hajafuga hata kuku.

Naona pia umeandika "kifaa fulani". Kifaa hicho kina mpini wa mti na kimefungwa waya wa shaba pale kilipopasuka mwaka wa njaa? Nauliza tu.

Uwele umefika kiunoni. Watu wa huko juu wanasema wale ndege kweleakwelea wameonekana wengi mwaka huu, makundi kama moshi. Mwaka juzi walikula nusu ya shamba huku mimi nipo juu ya dungu napiga debe. Mwaka huu hata kupanda hilo dungu goti halitaki. Sijui.

Elisha amenunua kofia mpya. Siyo kwamba naangalia.

Bibi yako,
Emilia


Shuleni
23 Machi 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Tumefanya mtihani wa nusu muhula, Kiswahili nimepata A, za masomo mengine bado wanasahihisha. Nimepata malaria kidogo nimepona.

Roketi yangu tumeijaribu Jumamosi. Ilikwenda mbali sana.

Nimehuzunika kuhusu magoti na ndege. Ningekuwepo ningekulindia. Maji tunayotumia ni ya kufulia, yalishatumika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Kuhusu lile swali lako, kengele ya chakula imelia.

Penina


Kijijini
6 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Pole na malaria. Kengele ya chakula yenu ina akili sana, inajua pa kulia.

Umeandika roketi ilikwenda mbali. Hukuandika ilikwenda juu. Mimi sikusoma, lakini mbali na juu navijua.

Sasa sikia, mambo siyo mazuri. Uwele umetoa masuke, punje ndiyo zinajaa maziwa, na ndege wamefika Jumatano. Walikuja asubuhi, nikadhani wingu, nikaanza kuanua nguo. Mpaka nimefika shambani kwa haya magoti walishakula mistari minne, masuke yamebaki kama vijiti vya kusafishia masikio. Jioni wakarudi kumalizia. Nimepiga debe, nimepiga kelele, nimewatukana mpaka nikaishiwa nikawa narudia. Wananiangalia tu. Ikiendelea hivi mpaka mwisho wa mwezi wa tano hatutavuna kitu, na mwaka mzima tutaomba unga kwa watu, na wa kwanza mlangoni kutupa pole atakuwa Elisha, na huo unga utakuwa na chumvi.

Kinachowatisha ni kimoja, kipanga. Alipita mmoja juzi, mara moja tu, shamba zima likanyamaza. Lakini kipanga huwezi kumwajiri.

Basi. Kuna mtu hapa kijijini, humjui, ameniomba nikuulize mambo matatu ya ile karatasi. La kwanza, theluthi ni kiasi gani, maana huyo mtu hesabu za sehemu zilikuwa darasa la tano. La pili, kama mtu amejaribu kwa kupuliza na mdomo na chupa haikuruka ila kizunguzungu kimemshika, kakosea wapi. La tatu, chupa ikipakwa masizi na kuvalishwa manyoya badala ya kadibodi, kuna ubaya?

Jibu haraka. Huyo mtu hana subira.

Jogoo amenyonyoka mkia wote. Sijui ni ugonjwa gani.

Bibi yako,
Emilia


Shuleni
20 Aprili 2025, Pasaka

Shikamoo Bibi, na heri ya Pasaka,

Nimemwomba Evarista asimkabidhi kuku yeyote barua hii.

Mwambie huyo mtu hivi. Theluthi: akunje karatasi ndefu kama chupa sehemu tatu zilizo sawa, kunjo moja ndiyo theluthi. Maji yafike hapo tu. Kwa mdomo haiwezekani, lazima pampu. Manyoya sijui, karatasi haisemi. Na asisahau, wakati wa kujaza upepo watu wote wawe hatua kumi, mtu yeyote asiinamie chupa. Anayejaza awe na mpira mrefu. Mwambie huyo mtu namsihi sana, na apumzishe magoti yake.

Bibi, nikuambie ukweli mmoja. Ya kwangu haiendi juu. Inapanda kidogo halafu inageuka kama imesahau kitu. Siku ile niliyoandika imekwenda mbali, iliingia dirisha la jikoni ikatua kwenye sufuria ya maharage. Tulikula hivyo hivyo. Wenzangu sasa wananiita Mpishi. Shindano ni tarehe 17 mwezi wa tano na sijui la kufanya.

Kuna ukweli wa pili, nitauandika nikipata nafasi.

Penina


Kijijini
11 Mei 2025

Kwako Penina, Mpishi,

Habari za huku ni nzuri, na mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa. Kaa chini usome.

Yule mtu amerusha. Nakueleza kama nilivyoona, maana nilikuwa karibu naye sana.

Kwanza ilibidi apate pampu. Pampu katika kijiji hiki sasa ni moja, na unajua ni ya nani na unajua kwa nini ni moja. Yule mtu akakaa siku tatu hataki kwenda. Ya nne ndege walikula mpaka karibu na choo. Akavaa kanga nzuri akaenda.

Elisha alikuwa kibandani kwake anaziba tundu la tairi. Hawakusalimiana. Mbwa wake, Kamanda, alikuwa amelala mlangoni. Yule mtu akasema, "Kamanda, mwambie bwana wako kuna mtu anataka kuazima pampu, na vali, na mpira."

Elisha hata hakuinua kichwa. "Kamanda, muulize huyo mtu, pampu ya marehemu iko wapi?"

"Kamanda, mwambie pampu ya marehemu iko Nzuguni, inasoma."

Elisha akakohoa muda mrefu. Ilikuwa kicheko, nakijua kikohozi chake. Halafu akasema, "Kamanda, mwambie pampu yangu haitoki peke yake. Ilipo, nami nipo."

"Kamanda, mwambie basi aje kesho asubuhi, na asije na maneno."

Chupa ilikuwa tayari. Na hapa nakupa dawa ya roketi yako, andika pembeni. Babu yako alichonga mishale, na mimi ndiye niliyekuwa nashika gundi. Mshale una kichwa kizito na manyoya nyuma. Ukiufanya mwepesi kichwani unageuka njiani. Sasa hiyo chupa yenu ina kichwa chepesi kama cha huyo Anyitike, itaachaje kuingia kwenye maharage? Nikabandika udongo wa kichuguu puani, konzi moja, nikaukausha juani siku mbili. Yaani yule mtu akabandika. Nyuma akafunga manyoya ya mkia wa jogoo, matatu kila upande. Masizi mwili mzima. Ukiitazama kwa mbali ni kipanga mwenye njaa.

Tatizo likaja maji. Punda alikuwa hajapita siku ya tatu na kwenye ndoo yalibaki ya kunywa tu. Kulikuwa na mlenda wa jana, umebaki nusu chungu. Mlenda nao si unamiminika? Ukaongezwa kikombe cha maji yaliyooshewa vyombo, ukatiwa chupani mpaka kwenye kunjo. Karatasi haikukataza.

Tukaisimamisha mdomo chini kati ya mafiga matatu kando ya shamba. Ndege walishajaa, uwele umeinama kwa uzito wao. Elisha akaanza kujaza upepo. Mpira wake ulikuwa mfupi, hatua tatu, siyo kumi, na kila akisukuma anainama kutazama kizibo. Yule mtu akasema, "Kamanda, mwambie bwana wako asogee na asiinamie, karatasi inakataza." Kamanda akapiga miayo. Hakumwambia. Elisha akasukuma tena.

Ikatoka.

Ulishasikia mtu mkubwa akipiga chafya kanisani huku anajizuia? Ndivyo. Ilipanda wima, Penina, wima kama mtu aliyeitwa jina lake, mpaka nusu ya mnara wa simu, manyoya yanapiga filimbi. Na wale ndege wakainuka shamba zima kwa pamoja kama mkeka uliokung'utwa, wakakimbia bila hata mmoja kubaki. Nikasahau goti, nikaruka. Goti likanikumbusha.

Kugeuka, Elisha yuko pale pale amesimama. Ile chupa ilipoondoka mzigo wote ulimrudia yeye. Mlenda kuanzia kofia mpya mpaka ndevuni, unaning'inia. Hakuumia, macho alikuwa amefumba. Nikajua sasa ugomvi ni wa mpaka kaburini. Akatoa ulimi, akaonja hapa mdomoni. Akaonja tena.

Akasema, hakusema kwa Kamanda, alisema kwangu: "Emilia, huu chumvi imekaa."

Nikamwambia, "Na ule wa kipaimara ilikaa."

Akasema, "Ule nilikuwa bado sijaonja."

Miaka mitatu, Penina.

Utaniuliza kwa nini aliniita Emilia wakati mrushaji ni yule mtu. Usiniulize.

Kuna jambo dogo. Ndege walikimbilia ng'ambo ya njia, shamba la Elisha. Kwa hiyo jioni tukarusha kwake, wakarudi kwangu, asubuhi tukarusha kwangu. Sasa kila siku anakuja na pampu yake, tunaanzia kwangu tunamalizia kwake, na kila siku tunabadilisha pembe, ndege nao wasituzoee. Siku ya tano wamechoka na sisi. Wamehamia ambako sikujui na sitaki kukujua.

Weka udongo puani.

Bibi yako,
Emilia, wa darasa la nne la zamani


Shuleni
25 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako bwenini kwa sauti, mara nne, kwa maombi ya watu. Matroni alikuja kunyamazisha akakaa kwenye kitanda cha mwenzangu mpaka mwisho.

Niliweka udongo puani. Kichuguu kiko nyuma ya bwalo. Manyoya nilipewa na Evarista. Bibi, ilikwenda juu. Ilikwenda juu kabisa na ikaanguka uwanjani, siyo jikoni. Nimekuwa wa tatu na nimepewa ndoo. Mwalimu Anyitike aliniuliza nimesoma wapi habari za kuweka uzito mbele, nikamwambia Chemba. Akasema angependa kumjua huyo mtaalamu. Sikumsomea ile sehemu ya kichwa chake.

Sasa ule ukweli wa pili. Bibi, nisamehe. Pampu niliichukua mimi, niliificha kwenye mfuko wa unga. Niliogopa kuomba kwa sababu ni ya Babu. Nimejua ulijua ulipoandika inasoma. Sijaiharibu, nimeipaka mafuta, na ule waya wa shaba upo. Sitaki ikae hapa siku moja zaidi. Nimemkabidhi Evarista imefungwa kwenye kanga, ataileta pamoja na barua hii. Tukifunga shule nitakuja kupiga magoti.

Penina wako


Kijijini
8 Juni 2025

Penina mke mwenzangu,

Salamu sana. Uwele tumeuvuna wote, kihenge kimejaa mpaka nimeziba mdomo kwa udongo. Jogoo mkia unaota, ila akiona chupa anakimbia. Hongera kuwa wa tatu. Hukusema kati ya wangapi. Evarista amesema mlikuwa wanne, na wa nne chupa yake ilipasuka. Hata hivyo ndoo ni ndoo, njoo nayo.

Usipige magoti, katika nyumba hii magoti mabovu yanatosha. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mfuko wa unga hauna mpini, mjukuu wangu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, na umesema, limekwisha. Mume wetu angekuchapa, halafu angeuliza ilipanda kiasi gani.

Sasa sikia kilichotokea. Ndege walishaondoka, uwele umevunwa, kazi ya kurusha hakuna. Lakini Elisha bado anakuja kila asubuhi na pampu yake. Anasema tujiandae na mwaka kesho. Anaiegemeza ukutani, anavua kofia, nami nampa mlenda, maana siwezi kumwacha mtu akae na pampu yake bila kula. Chumvi naiweka pembeni kwenye kisahani. Hajaigusa hata siku moja.

Juzi tukiwa hapo akafika Evarista na huo mzigo wako, anaanza kuufungua kwa sauti, "Mama Emilia, pampu yako imerudi." Nikamwambia hiyo siyo pampu, ni mwiko mkubwa, nikamnyang'anya, nikaiweka kwenye kigoda, nikaikalia. Elisha akauliza, "Kitu gani hicho?" Nikamwambia kula.

Alikula polepole sana siku hiyo. Akaomba aongezwe. Akahadithia habari za baiskeli aliyoitengeneza mwaka themanini na nne, gurudumu moja baada ya jingine. Na mimi nimekaa juu ya mpini wa mume wetu, na ule waya wa shaba unanichoma, natabasamu. Alipoondoka nilishindwa kusimama.

Kwa hiyo ukija likizo uichukue uirudishe shuleni, ikae huko muhula ujao, na huo mwingine. Iendelee kusoma. Na ukimkuta Elisha njiani akikuuliza habari za pampu ya marehemu, mwambie bado haijamaliza masomo.

Bibi yako,
Emilia, nisiye na pampu